Moyo Uendao Mbio na Mwenyewe Ameketi



Mimi, tabibu mstaafu, jioni hii nanena juu ya jambo moja tu la mwili wa mwanadamu, nalo ni moyo unaoanza kwenda mbio ghafla, bila mwenyewe kukimbia, bila kutishwa, bila kuwa na homa, kisha ukatulia ghafla vile vile ulivyoanza. Haya si maradhi yanayoua watu wengi kupita mengine katika sehemu hizi. Nimeyachagua kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi sikupata kuona ugonjwa mwingine ambao mwenye nao husema kweli tupu, neno kwa neno, akaaminiwa kwa nadra kama huu.

Natuanze na lugha, kwa maana lugha ndiyo iliyotupoteza kwanza. Wazee wa pwani walikuwa na jina lao la hali hii, wakiiita kiherehere cha moyo, na kamusi za zamani zimelihifadhi kwa maana hiyo ya moyo kupapatika. Lakini leo ukimwambia mtu wa Nakuru kwamba fulani ana kiherehere, ataelewa kuwa fulani ni mtu wa pupa, wa kujitia mbele katika yasiyomhusu. Ndivyo neno lilivyohama kutoka katika kiungo cha mwili likahamia katika tabia. Wala si neno hilo peke yake, kwani moyo katika Kiswahili ndio makao ya ushujaa na ya woga, ya imani na ya shaka, hata tukasema huyu ana moyo mgumu na yule amekufa moyo, pasipo kuikumbuka ile nyama yenye ukubwa wa ngumi iliyo kifuani. Huo ni utajiri wa lugha yetu, nami sioni haya nao. Ila mwanamke akija akasema kwamba moyo wake unakwenda mbio, sikio letu huwa limekwisha kumhukumu kuwa ni mwoga kabla mkono wetu haujamshika kifundo cha mkono kuyahesabu mapigo.

Na kuhesabu mapigo ni elimu ya tangu kale. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha Qanun maelezo marefu juu ya mshipa upigao, akasema kwamba ndani yake mna tabia ya muziki, yaani mna wizani na mna vipimo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika, na ukijumlisha mchana na usiku utapata mapigo yapatayo laki moja. Wa mtoto mchanga hupiga 120 hata 160 naye hana maradhi yoyote, ilhali mkimbiaji aliyezoea mazoezi, kama hawa mnaokutana nao alfajiri barabarani, huenda akiamka kitandani mapigo yake yasifike 50. Homa huongeza mapigo kumi hivi kwa kila digrii moja ya joto. Mgeni aliyetoka Mombasa jana akapanda mpaka hapa Njoro, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ataona moyo wake umeharakisha kidogo kwa siku za kwanza, kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi na mwili wake haujaizoea. Yote hayo ni moyo kutimiza wajibu wake.

Mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi wenu, jinsi Kipchoge Keino alivyokwenda Mexico mwezi wa Oktoba 1968, katika mji ulioinuka juu ya bahari kwa kadiri inayokaribiana na hapa petu, akashinda mbio za mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Alikuwa na umri wa miaka 28. Kijana wa umri huo akitoa nguvu zake zote, moyo wake hukaribia mapigo 190 kwa dakika, na hakuna anayeuita huo ugonjwa. Sasa ichukueni idadi ile ile ya 190 mkaiweke kifuani mwa mama aliyeketi kigodani akimenya viazi. Idadi ni moja, na mambo ni mawili yasiyo na udugu. Kwa hiyo tabibu aulizaye mapigo ni mangapi, akaishia hapo, ameuliza nusu ya swali; nusu ya pili, nayo ndiyo nzito, ni hii: yaliingiaje, na yalitokaje?

Moyo wa mkimbiaji hupanda ngazi kwa ngazi na hushuka ngazi kwa ngazi. Moyo wa mwenye hofu hufanya vivyo hivyo, na wa mwenye homa, na wa aliyepungukiwa na damu. Lakini huu ninaounena hauna ngazi. Mgonjwa atakuonyesha nukta yenyewe: nilikuwa nimeinama kufunga kiatu, nilikuwa nimegeuka kumwita mtoto, nilikuwa nimemeza maji baridi, na pale pale, pigo moja likiwa la kawaida, la pili likawa la mbio. Na namna ya kutoka ni hiyo hiyo.

Nitawasimulia juu ya mama mmoja muuza viazi. Asubuhi moja aliinama kukamata pembe ya gunia ili amsaidie mchukuzi kulipandisha, na moyo ukaruka. Bahati yake siku hiyo ni kwamba kituo nilichokuwa nikifanyia kazi hakikuwa mbali na soko hata hatua mia mbili. Aliingia ameshika shingo, wala hakushika kifua, akaniambia, "Daktari," maana hapa kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, nasi matabibu tumekwisha kuzoea, "daktari, ule umerudi. Unanipiga hapa kooni." Nikatazama, na kweli mishipa ya shingo ilikuwa ikitutumka kama koo la chura. Nikamshika kifundo cha mkono nikakuta mapigo membamba, ya haraka mno, hata vidole vyangu vikashindwa kuyafuata; nikaweka stetoskopu kifuani, nikahesabu 47 kwa sekunde 15, ambayo ni 188 kwa dakika, tena yaliyolingana kama cherehani inayoshona upindo mrefu. Hakuwa na homa. Presha yake ilikuwa ya kuridhisha, na kila nililomuuliza alilijibu kwa akili timamu.

Nikampa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano yenyewe, nikamwambia apulize ndani yake kwa nguvu mpaka kijiti kisogee, naye asiache kwa muda wa sekunde 15. Papo hapo tukamlaza chali, muuguzi akamwinua miguu yote miwili, tukaishikilia sekunde nyingine 15. Mara ya kwanza haikufaa kitu. Mara ya pili, miguu ingali juu na stetoskopu ingali kifuani, nikasikia kimya. Kilikuwa kimya cha sekunde moja hivi, ambacho kwa anayesikiliza ni kirefu mno. Kisha likaja pigo moja zito, na jingine, na moyo ukashika njia yake, 84 kwa dakika. Mama akashusha pumzi, akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akauliza choo kiko wapi.

Swali hilo la choo lisiwapite. Moyo ukienda mbio namna hii, vyumba vyake vya juu hutanuka na kumimina katika damu homoni inayoziamuru figo zitoe maji, hata baada ya muda mgonjwa akakojoa mkojo mwingi mweupe. Shingo itutumkayo, mwanzo wenye nukta, mwisho wenye nukta, na mkojo mwingi baadaye: mama yule, ambaye hakupata kusoma kitabu cha tiba, alikuwa akiyasimulia mambo haya manne kwa miaka mingi kila alikokwenda, na kila alikokwenda akaambiwa apunguze mawazo.

Yalitokea nini mle ndani? Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, nao hujiamrisha wenyewe kwa umeme mdogo unaozaliwa katika nyama yake. Mwaka 1906 Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Marburg, Ujerumani, alilieleza fundo dogo lililo mpakani baina ya vyumba vya juu na vya chini, ambalo ndilo lango la kupitishia amri; na mwaka uliofuata Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack, huko Uingereza, wakalitangaza fundo la juu ambamo amri hiyo huzaliwa, na walilibaini kwanza katika moyo wa fuko. Fuko wa Ulaya si yule anayetuharibia viazi vyetu chini ya ardhi, lakini ni mchimbaji mwenzake, nami kila nimwonapo mkulima akitega mtego wa fuko humkumbuka kijana yule aliyeinamia darubini akiutazama moyo mdogo kuliko punje ya maharage, akakiona kilichokuwa kimefichika kwa wote waliomtangulia.

Amri hiyo, kwa watu walio wengi, huteremka kupitia lango la kati mara moja, ikavibana vyumba vya chini, ikaisha. Lakini wapo watu wanaozaliwa na njia mbili langoni hapo, moja ya haraka na moja ya polepole, na wapo wenye uzi wa ziada wa nyama ulio mbali na lango, ambao walielezwa mwaka 1930 na matabibu watatu, Wolff, Parkinson na White, na hali hiyo ingali ikiitwa kwa majina yao. Njia hizo mbili hukaa miaka na miaka bila kudhuru. Hata siku moja pigo moja likaja kabla ya wakati wake, likakuta njia moja imefungwa na nyingine iko wazi, likashuka kwa hii na kupanda kwa ile, likashuka tena, likapanda tena, kama mkimbiaji aliyetiwa uwanjani asiambiwe mzunguko wa mwisho ni upi. Kila akimaliza mzunguko, moyo mzima hupiga. Hapo fundo la juu, lililokuwa sultani, halina sauti tena.

Basi kupuliza kunasaidiaje? Mshipa wa fahamu uitwao vegasi, utokao kichwani ukashuka shingoni hadi kifuani, una uwezo wa kulichelewesha lango la kati. Na mtu akikaza pumzi kisha akaachia, damu ikarudi kwa wingi moyoni kwa kuinuliwa miguu, mshipa huo huchochewa, lango likafungwa kwa kitambo kidogo, na yule mkimbiaji akafika akakuta pamefungwa. Mbinu ya kukaza pumzi ina jina la Antonio Maria Valsalva, Mtaliano aliyefariki mwaka 1723, ingawa yeye aliifundisha kwa ajili ya masikio. Na hiyo ya kulaza mgonjwa na kumwinua miguu ilipimwa Uingereza, matokeo yakatangazwa mwaka 2015, ikaonekana kwamba iliwatuliza wagonjwa 43 katika kila 100, ambapo kupuliza kwa kuketi tu kuliwatuliza 17. Haigharimu kitu. Kuzamisha uso katika maji ya baridi sana nako hufaa kwa baadhi ya watu, kwa njia ya mshipa huo huo. Lakini nawasihi, msimkandamize mzee shingoni kwa kudhani mnamtibu, kwani mishipa ya shingo ya wazee yaweza kuwa na uchafu ulioganda ndani yake, na kipande kikibanduka kikapanda kwenye ubongo mtakuwa mmemletea kiharusi.

Sasa nawapa habari ninayoisema kwa uzito. Miaka mingi kabla ya mama yule, nikiwa kijana katika zahanati moja, msichana wa shule alinijia mara tatu katika muhula mmoja akisema moyo wake hukimbia, na kila alipofika mapigo yake yalikuwa 80. Mara ya tatu nikamwandikia dawa ya kutuliza wasiwasi, nikamwambia asijisumbue kupita kiasi na mitihani. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akasema asante daktari, wala hakurudi tena. Hakunidanganya hata kwa neno moja. Nilichokosa kumuuliza ni yale maswali mawili niliyowatajia, yaliingiaje na yalitokaje, na kwa kuyakosa nikauchukua ugonjwa wa nyama nikauita udhaifu wa roho.

Sikuwa peke yangu katika kosa hilo, japo si udhuru. Mwaka 1997 matabibu wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 107 waliothibitishwa kuwa na mapigo ya namna hii, wakaona kwamba dalili za thuluthi mbili yao zilitosha kabisa kuitwa maradhi ya hofu, na kwamba zaidi ya nusu hawakutambuliwa walipochunguzwa mara ya kwanza. Ikiwa mambo ni hayo penye mashine kila chumba, seuze sisi. Kutoka hapa hadi hospitali kubwa ya Nakuru ni mwendo wa kilomita zipatazo 20. Ungoje matatu ijae, ipite njia panda, iingie mjini, na wewe ushuke upange foleni, na moyo uliokimbia dakika 25 utakuwa umekwisha kutulia zamani. Mashine ya kuandika umeme wa moyo, ile iliyompatia Willem Einthoven wa Leiden tuzo ya Nobel mwaka 1924, na ambayo mwanzoni ilikuwa mtambo wa zaidi ya kilo 200 na leo yabebwa kwa mkono mmoja, haiandiki jambo lililopita. Hata hivyo ipimwe vivyo hivyo, kwa kuwa wale wenye uzi wa ziada mara nyingi huonyesha alama yake hata moyo ukiwa umetulia.

Isidhaniwe kwamba kila moyo wa haraka ni wa namna hii. Tabibu mwaminifu huanza kwa kutafuta yaliyo mengi zaidi: damu iliyopungua, hasa kwa mjamzito na kwa mama aliyetoka kujifungua, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambayo hukondesha mtu huku akila vizuri na mikono yake ikitetemeka, dawa ya pumu ya kuvuta, miraa na muguka, ambavyo vina kichocheo kinachousukuma moyo hata kama mlaji anajiona ametulia. Hayo yana tiba yake kwa kuondoa sababu, nami sitakawia hapo.

Ila moja lanilazimisha kusimama. Yako mapigo ya haraka yasiyolingana, yasiyo na wizani wowote, kama mvua ya kwanza juu ya bati, ambapo vyumba vya juu havipigi tena bali hutetemeka tu. Damu ikizubaa humo huganda, na bonge likiponyoka huenda kwenye ubongo. Katika nchi za wenye mali huu ni ugonjwa wa wazee. Kwetu humpata hata mwanamke wa miaka 30, na asili yake aghalabu ni koo lililouma utotoni lisitibiwe, likazaa homa ya baridi yabisi, homa ikaacha kovu katika vali ya moyo, vali ikabana, chumba kikatanuka, na mtetemeko ukaja. Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo hulindwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, naye asikose hata mara moja. Inauma, nami nimewashika watoto wengi wakilia, lakini nimewaona pia waliokosa.

Na zipo ishara ambazo hazina subira. Mtu akizirai moyo ulipokuwa ukikimbia, au akabanwa na kifua, au akatweta hata asiweze kumaliza sentensi, au ikiwa katika ukoo wake kijana alipata kuanguka akafa ghafla, huyo asipulize bomba akingoja. Apelekwe mara moja, hata usiku, hata kwa gari la kukodi. Kadhalika aliyewahi kuugua moyo, kwa maana mbio zinazoanzia vyumba vya chini ni jambo jingine, nazo huua.

Kwa hawa wa njia mbili, tiba zipo. Hospitalini wana dawa iitwayo adenosini, ambayo husukumwa katika mshipa kwa haraka sana kwa kuwa nguvu yake hukaa sekunde chache tu, ikalifunga lango na kuukata mzunguko. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba kwa sekunde hizo atajisikia kama anayekufa, na kwamba hatakufa, maana kumficha ni ukatili. Viko vidonge vya kuzuia. Na iko tiba ya kuondoa jambo lenyewe, ambapo waya mwembamba huingizwa kwa mshipa wa paja ukafikishwa moyoni, na ile njia ya ziada ikaunguzwa kwa joto. Zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 hupona. Yafanyika Nairobi. Gharama yake bado ni mzigo ambao mkulima wa kawaida hawezi kuubeba peke yake, na hilo lanihuzunisha, kwa kuwa ni miongoni mwa maradhi machache ya moyo ambayo tunaweza kuyang'oa kabisa.

Lakini hakuna tiba kabla ya ushahidi, na shahidi ni mgonjwa. Yule mama nilimpa daftari la shule la kurasa 32, nikamfundisha kuweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, ubavuni mwa koo bila kukandamiza, atazame saa ya simu yake, ahesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Na pale mapigo yanapokuwa ya haraka mno, agonge meza kwa wizani ule ule ili mwingine ahesabu. Binti yake wa darasa la sita ndiye aliyekuwa akihesabu. Akaniletea daftari baada ya miezi mitatu, nami nikampa barua ya kwenda nayo mji mkuu, na daktari wa huko, nilivyoambiwa na mama mwenyewe, alilisoma daftari lile kwanza kabla ya kuitazama barua yangu. Mistari yake ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kwa mkono wa mtoto. Mmoja ninaukumbuka wote: Jumanne, saa moja na robo asubuhi, mama aliinama kuwasha jiko, 184, shingo inapiga, dakika 22, umeisha kabla gari halijafika njia panda.